Agosti 1997: Vijana wa Likoni Walivyochukuliwa

Wengi watakaosoma kijitabu hiki walikuwa hawajazaliwa usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, na wazee wao hawapendi kuuzungumzia. Lakini mwaka huu tunaomba michango kwa ajili ya watoto walioacha shule, na hatuwezi kuuruka usiku ule.

Vijana wenye mapanga, pinde na mishale walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri. Askari sita waliuawa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Kisha wakawageukia majirani zetu waliotoka bara. Nyumba na vibanda vikachomwa. Maelfu walikimbilia uwanja wa Kanisa Katoliki, watoto mgongoni. Wengine walivuka kwa feri wasirudi tena. Ghasia za wiki zile ziliua watu zaidi ya 100. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo huo.

Mengine yalijulikana baadaye, mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa 1998. Vijana walipelekwa msitu wa Kaya Bombo, wakalishwa kiapo na kuambiwa risasi hazitawadhuru. (Kaya ni mahali pa wazee wetu kuombea. Tusi hilo bado linauma.) Waliahidiwa ardhi na kazi, na ahadi iliwaingia kwa sababu shida yenyewe ilikuwa ya kweli: walikuwa maskwota pale pale walipozaliwa, na meli za Kilindini zilipita machoni pao bila kuwapa hata kibarua. Sijasikia mtoto wa mkubwa yeyote aliyelishwa kiapo kile.

Msako uliofuata uliwakumba hata wasiohusika. Wavulana walikamatwa na kupigwa, wengine wakatoroka makwao. Mama aliyebaki peke yake, awe Mdigo au wa bara, alibaki na mzigo ule ule wa chakula na karo.

Hati za shamba la Waitiki zilianza kutolewa 2016, zaidi ya miaka 18 baadaye. Ni jambo jema, ila hati haimrudishi mtoto darasani, na wanaobeba mapanga mitaani siku hizi ni wadogo kuliko wale wa 1997.

Kwa hiyo mfuko wetu utaanzia kwenye nyumba ambazo mvulana ameacha shule na mzazi hana kipato: karo, sare, au ada ya kujifunza ufundi. Hatutauliza familia ilifika Likoni lini, wala nyumbani huzungumza lugha gani.