Si mtoto, si mzee: vijana wa kansa walipata wapi wenzao?

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana. Wengi mnaniuliza hospitali za huku Uingereza zinafananaje. Leo naomba niwape historia ya kitu kimoja tu ambacho mimi kama nesi nakipenda kuliko mashine zote: wodi ya vijana wenye kansa.

Zamani kijana hakuwa na wodi yake. Kulikuwa na ya watoto na ya wakubwa, basi. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ilitoa ripoti iliyosema mtoto mgonjwa ana mahitaji yake mwenyewe, na wazazi waruhusiwe kumwona bila kubanwa. Kabla ya hapo kuna hospitali ambazo mzazi alimwona mwanawe kwa saa chache tu kwa wiki! Polepole wodi za watoto zikachangamka, kuta zikapakwa rangi, midoli ikaingia.

Lakini wa miaka 16 akabaki katikati. Akilazwa kwa watoto, miguu inapita kitanda na jirani yake analilia chupa ya maziwa. Akilazwa kwa wakubwa, jirani ni babu wa miaka 70. Dawa alipata. Mwenzake ndiye alikosa. Tena kansa kwa umri huo ni nadra, kwa hiyo kijana angeweza kutibiwa mwanzo hadi mwisho asikutane hata na mmoja wa rika lake mwenye ugonjwa kama wake.

Australia, vijana wagonjwa wenyewe ndio waliochoka kwanza. Mwaka 1985 wakaanzisha chama chao, CanTeen, ili wakutane na kusaidiana. Hapa Uingereza mwanzo ulikuwa mwaka 1990, hospitali ya Middlesex, London. Ndipo ilipofunguliwa wodi ya kwanza ya vijana wenye kansa, kwa fedha za michango. Nyuma yake walikuwa mama mmoja, Myrna Whiteson, na mumewe Dokta Adrian, waanzilishi wa shirika la Teenage Cancer Trust. Kuanzia mwaka 2000 mwanamuziki Roger Daltrey wa The Who akawa anaongoza matamasha ya kulichangia, pale Royal Albert Hall. Mwaka 2005 serikali nayo ikapata mwongozo rasmi: aliye chini ya miaka 19 atibiwe mahali panapolingana na umri wake, na wa miaka 19 hadi 24 asizuiwe kupata huduma hiyo. Hospitali ya Middlesex ilifungwa mwaka huo huo, lakini wazo lake lilishasambaa. Leo shirika hilo lina wodi zaidi ya 25 nchini, na linahudumia vijana wa miaka 13 hadi 24.

Sasa mtauliza, ndani kuna nini cha ajabu? Meza ya pool, televisheni, jiko la kukorogea chai, makochi. Hakuna ajabu. Ajabu ni yale maongezi. Mimi nikimwambia binti, "nywele zitaota", ananiitikia kwa adabu tu. Akiambiwa na mwenzake ambaye zake zimeanza kuota, anaamini. Mambo ambayo hawezi kumwuliza mama wala daktari (nitazaa kweli? mchumba atabaki? mtihani je?) anamwuliza wa kitanda cha pili, usiku, sisi tukiwa tumezima taa. Na kuna vidonge vya kumeza nyumbani miezi na miezi. Kijana akichoka navyo, huficha. Mwenzake ndiye anayemjua.

Najua swali linalokuja: je, huyo rafiki akifa? Hufa, jamani, siwadanganyi. Nimeona wodi nzima ikinyamaza siku tatu. Ni uchungu mkubwa, na ndiyo maana panatakiwa mtu mzima karibu yao, wa kukaa nao. Lakini kijana aliyefichwa chumbani peke yake naye anawaza kifo. Tofauti ni kwamba anakiwaza bila mtu wa kumwambia.

Hapa ndipo nataka nyie mama zangu, shangazi na wajomba mnisikilize. Kwetu kijana akiugua kansa tunanong'ona. Tunamwambia ni "uvimbe tu", tunawazuia marafiki wasije. Tunafanya kwa mapenzi, lakini tunamnyang'anya dawa moja isiyouzwa popote. Wanaotoka mikoani kwenda Ocean Road kwa mionzi hukaa Dar wiki nyingi. Mkimsindikiza wenu, angalieni kwenye benchi. Mkiona kijana wa rika lake, msalimieni, waacheni wakae pamoja, nyie mkanunue maji. Wakibadilishana namba za simu, ndiyo wodi yenyewe hiyo imeshaanza. Damu ikiwa imeshuka na daktari amekataza wageni, simu inatosha.

Haya, zamu inaniita. Nisalimieni wote nyumbani, na mwenye mgonjwa aniandikie. Tupo pamoja.