Kutoka Oslo hadi Nakivale: Historia ya Uhakiki wa Aina na Istilahi ya Hitilafu katika Programu

Historia ya programu zinazojengwa juu ya vitu huelezwa kama historia ya mitambo. Makala haya yanaisoma kama historia ya lugha: namna programu inavyokataa ilichopewa na namna inavyotamka sababu ya kukataa. Suala hilo lina uzito katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyotambuliwa rasmi kuwa ya wakimbizi mwaka 1960. Huko uandikishaji ndio mlango wa mgao wa chakula, na Kiswahili huwaunganisha Wakongo, Warundi na wengineo.

Lugha ya Simula 67, iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliweka msingi wa klasi za vitu. Kigezo kilichotangazwa kuwa cha klasi fulani hakikupokea kitu cha klasi isiyohusiana nayo. Lilibaki swali: programu ifanyeje inapopewa isichotarajia? Mwaka 1975 John Goodenough alilichambua swali hilo kwa utaratibu. Katika muongo huohuo lugha ya CLU, iliyoongozwa na Barbara Liskov katika chuo cha MIT, ilitaka kila utaratibu utangaze mapema hitilafu unazoweza kuibua. Java ya mwaka 1995 ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Python, iliyotolewa mwaka 1991, hutenganisha hitilafu ya aina, yaani neno linapotolewa mahali pa namba, na hitilafu ya thamani, yaani namba inapokuwa namba kweli lakini haikubaliki.

Hata hivyo, uhakiki wa aina hulinda umbo la data, si ukweli wake. Mtu asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa mara nyingi tarehe 1 Januari. Aina ni sahihi, thamani inakubalika, na hakuna hitilafu inayoibuliwa. Lakini tarehe si yake. Kinyume chake, Msomali anayetaja jina lake, la baba na la babu husema kweli, ilhali fomu inayodai jina la ukoo humkataa. Hapo aina iliyotangazwa ndiyo yenye kasoro.

Mwaka 2018, kuanzia Machi hadi Oktoba, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na UNHCR zilihakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za mwili. Kati ya takribani milioni 1.4 waliokuwa katika kumbukumbu, walithibitishwa takribani milioni 1.1. Tofauti hiyo peke yake haimtenganishi aliyehama, aliyeandikishwa mara mbili na asiyefika kituoni. Ndilo somo la CLU: jibu la "hapana" lisilotaja aina ya hitilafu humwacha anayelipokea bila njia ya kuchukua hatua.

Istilahi nayo hubeba hukumu. "Kosa" lina maana ya hitilafu na pia ya hatia. Likitokea kwenye skrini mbele ya mwombaji, humtuhumu. "Ubaguzi" halifai kabisa, kwani maana yake ya kijamii huja kwanza. Tunapendekeza "hitilafu", pamoja na vitenzi "kuibua" na "kudaka", kwa kuwa havimtaji mkosaji.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi huo utafika Nakivale iwapo wahitimu wa kompyuta, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara wanaosoma kwa Kiingereza, watapewa istilahi hizo wakiwa bado darasani. Kwa washauri wa sera, sharti la chini liwe hili: kila ujumbe wa kukataa utaje kwa Kiswahili kilichopokelewa, kilichotarajiwa, na hatua inayofuata. Pale ambapo fomu haimtoshi mtu, hitilafu ifikishwe kwa afisa mwenye mamlaka ya kuirekebisha fomu.