Kitabu na Soko Mjini Juba

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Fikra nazo zina walezi wawili, kitabu na maisha ya kila siku. Walezi hao wasiposikilizana, mlelewa hutaabika. Historia ya Juba yatupa ushahidi.

Mwaka 1928 mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf, karibu na Juba, uliamua watoto waanze kusoma kwa lugha zao, kama vile Kibari, Kidinka na Kizande, kisha waendelee kwa Kiingereza. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za misheni, na Kiarabu kikasisitizwa. Taifa lilipojitawala mwaka 2011, Kiingereza kikawa lugha rasmi. Kitabu kilibadilishwa ulimi mara kwa mara.

Soko halikungoja amri. Huko watu walipatana bei, walitaniana na kusuluhishana kwa Kiarabu cha Juba, lugha iliyochipuka katika kambi za askari wa karne ya 19, ndugu wa Kinubi cha Kibera. Basi mwanafunzi alikariri kwa lugha moja na kupima mambo kwa nyingine. Na asichokipima mtu, hakiwi fikra yake.

Sudani Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wengi waliorejea kutoka ukimbizini Kenya na Uganda walirudi na Kiswahili cha maisha. Sisi walimu tusikigeuze kuwa kitabu kingine kigeni. Somo na lianzie sokoni, ndipo kitabu kifuate.