Fungu na Mkupuo: Historia Fupi ya Kutuma Picha Nyingi kwa Pamoja, kwa Ushahidi wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri ni kutafuta jina la tendo ambalo kila mtu hulitenda, lakini ambalo bado halijapata istilahi moja inayokubalika. Mwalimu aliye Kilwa Masoko hupiga picha kurasa ishirini za daftari la mahudhurio, huzichagua zote katika simu yake, hubonyeza mara moja, nazo hufika Lindi zikiwa zimepangwa pamoja mfano wa ukurasa mmoja. Tendo hilo tuliiteje? Wako wasemao kuwa ametuma albamu; wako wasemao kuwa amerusha picha kwa mpigo; na walio wengi hujisemea tu, "Nimekutumia zile picha," wakaachia hapo.

Makala haya hayakusudii kutoa hukumu, kwani kusanifisha istilahi ni kazi ya vyombo vilivyoundwa kwa ajili hiyo. Kusudi lake ni kurejea nyuma na kutazama jinsi watu wa pwani ya kusini walivyopata kupeleka, kupokea na kuhesabu vitu vingi vilivyofungwa pamoja, ili tuone kama lugha yetu haina tayari maneno yanayofaa. Tumeichagua Kilwa pamoja na pwani ya Lindi kwa sababu historia ya hapo imehifadhi mifano mitatu iliyo wazi, na kila mmoja una funzo lake kwa mtunga istilahi.

Miji minne katika karatasi moja

Mfano wa kwanza ni wa picha hasa. Mwaka 1572, katika mji wa Köln huko Ujerumani, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao cha michoro ya miji ya dunia, kiitwacho Civitates Orbis Terrarum. Ndani yake imo karatasi moja yenye miji minne: Aden imechukua sehemu ya juu, na chini yake zimepangwa Mombasa, Kilwa na Sofala. Wasomaji wa Ulaya waliokuwa hawajapata kuiona pwani hii waliletewa picha nne kwa mara moja, katika mpango unaofanana sana na ule tunaouona leo katika kioo cha simu.

Yafaa tuangalie jambo moja katika karatasi hiyo. Ingawa michoro imekusanywa pamoja, kila mji umeandikiwa jina lake. Mchongaji alijua kwamba mtu asiyeifahamu pwani hataweza kutofautisha Kilwa na Mombasa kwa kutazama kuta na paa tu. Jina lingaliondolewa, karatasi ingebaki kuwa nzuri, lakini ingekoma kuwa habari.

Barua za mwaka 1711

Mfano wa pili ni wa maandishi. Hati za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa watu wa pwani waliokuwa washirika wao. Barua hizo zimehifadhiwa hata leo katika nyumba ya kumbukumbu ya Goa, huko Uhindi. Zimevuka bahari, zimebadilisha mikono, na zimelala miaka zaidi ya mia tatu pamoja na karatasi nyingine nyingi. Hata hivyo, mtafiti akiitoa mojawapo aweza kusema imetoka wapi na imekwenda kwa nani.

Sababu yake ni kwamba barua ya Kiswahili, kwa desturi yake, hujitambulisha yenyewe. Hutaja mwandishi, humtaja mwandikiwa, hutanguliza salamu, ndipo huingia katika neno lililokusudiwa. Kwa hiyo barua haipotezi utu wake inapotiwa katika mfuko mmoja na wenzake. Hapa tukumbuke pia neno bahasha, ambalo kabla ya kubanwa katika maana ya karatasi ya kutilia barua lilitaja pia mkoba wa kuchukulia vitu. Wazo la kubeba vingi katika kimoja, basi, si geni katika msamiati wetu wa mawasiliano.

Mizigo ya Tendaguru

Mfano wa tatu ni wa mifupa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Jumba la Makumbusho la Berlin lilifukua mabaki ya mijusi mikubwa ya kale katika kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Wakuu wa kazi kwa upande wa Wajerumani walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya watu wa nchi hii, na msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifunikwa kwa udongo, mingine ikazungushiwa mianzi, kisha ikachukuliwa na wapagazi kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, ambako ilipakiwa melini. Jumla yake ilizidi tani 200.

Mfupa mmoja mkubwa haukuweza kuwa mzigo mmoja. Ilibidi ugawanywe vipande, kila kipande kiwe mzigo wa mtu, na kila mzigo utiwe alama ili kule Berlin vipande virudishwe mahali pake. Kazi ya kuunga ilichukua miaka mingi, na mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote haikusimamishwa ukumbini hadi mwaka 1937. Tena mnyama huyo aliyesimama si mmoja: ameungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa wa aina yake. Kama wataalamu waweza kulieleza jambo hilo leo, ni kwa sababu ya alama zilizotiwa kule Tendaguru. Alama hizo ndizo zinazomwezesha mtu kujua kila mfupa ulitoka shimo gani.

Maneno ya sokoni na bandarini

Mifano hiyo mitatu yatufundisha kwamba katika kutuma vitu vingi kwa pamoja mna mambo matatu, ambayo mfasiri asiyachanganye. La kwanza ni namna ya kutuma, yaani mara moja badala ya mara nyingi. La pili ni kitu kinachopatikana baada ya kukusanya. La tatu ni utambulisho wa kila kimoja ndani ya mkusanyo huo. Sasa tutazame maneno tuliyo nayo.

Lugha ya pwani ni tajiri mno katika majina ya mikusanyo. Kuni huenda kwa tita, karatasi kwa bunda, kanga kwa doti, ndizi kwa chane na shazi, na wafanyabiashara wa nguo walihesabu kwa korja, yaani vitu ishirini. Samaki wa Kilwa na Lindi huuzwa kwa mtungo wanapopitishwa kamba, au kwa fungu wanapopangwa juu ya meza au mkeka. Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Mtungo una utaratibu, kwani samaki wa kwanza hutangulia wa pili, na kamba hukumbuka nani alifuata nani. Fungu halina kamba. Mnunuzi hulitazama lote kwa mara moja, na muuzaji aweza kumficha mdogo chini ya mkubwa.

Bandari nayo imekwisha kuikopesha teknolojia maneno yake. Nahodha hupakia shehena na kuipakua. Na leo mtumiaji wa kompyuta hupakia na kupakua mafaili bila kukumbuka kwamba anasema lugha ya majahazi. Istilahi hizi zimekubalika kwa urahisi kwa sababu mzizi wake ulikuwa umekwisha kuota. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuibeba kazi nzima ya ofisi katika kompyuta, mradi mtunga istilahi awe tayari kuchimba katika akiba ya lugha yenyewe kabla ya kukopa nje.

Simu na picha zilizofichwa

Programu ya WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009. Mwanzoni picha zilizotumwa kwa pamoja zilifika zikifuatana moja baada ya moja, mfano wa mtungo. Mwaka 2017 mpango huo ulibadilishwa: picha zikiwa nne au zaidi hukusanywa katika umbo moja lenye vyumba vinne, na katika chumba cha mwisho huandikwa alama ya kujumlisha pamoja na idadi ya picha ambazo hazionekani. Mwaka 2023 kiwango cha picha ziwezazo kutumwa kwa mara moja kiliongezwa kutoka 30 hadi 100. Kwa maneno ya sokoni, mtungo umegeuzwa fungu, na fungu limekuwa kubwa.

Tena kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Picha inapopita katika programu hiyo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na habari zilizofichwa ndani yake, kama vile saa na mahali ilipopigwa, huondolewa. Katika simu nyingi huvikwa jina jipya lenye tarehe ya kutumwa na namba ya mfuatano. Picha ya jana iliyotumwa leo husomeka kuwa ni ya leo.

Msomaji aweza kuuliza: kuna hasara gani? Jibu liko Kilwa kwenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati na hifadhi, yakatolewa humo. Katika kazi ya namna hii picha ya ukuta ni ushahidi, nao ushahidi huo hutegemea mambo mawili: ni ukuta upi, na ni lini. Neville Chittick alipotoa juzuu zake mbili juu ya Kilwa mwaka 1974, kila picha aliipa namba na maelezo. Ndiyo maana hata leo mtu aweza kuichukua picha yake akasimama nayo mbele ya jengo lile lile na kulinganisha. Lakini picha thelathini za kuta za mawe ya matumbawe, zisizo majina wala tarehe, zikifika kwa mpigo katika simu ya ofisa, zitamwambia kwamba kuna kuta. Hazitamwambia ukuta upi ulianguka, wala kama ulianguka kabla ya masika au baada yake.

Vivyo hivyo, mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara kuu ya Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, picha za maji na lami iliyobomoka zilienea nchini kote kwa simu. Mtu aliyetaka kujua kama njia inapitika hakuhitaji wingi wa picha. Alihitaji kujua ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni, na ipi ni ya daraja lipi.

Kupima maneno

Tukirejea katika istilahi, neno albamu lina asili ya Kilatini, lenye maana ya kitu cheupe; kwa Warumi lilitaja ubao mweupe ulioandikiwa matangazo. Katika Kiswahili limezoeleka kwa kitabu cha kuhifadhia picha na kwa mkusanyo wa nyimbo. Mambo yote hayo mawili ni ya kuhifadhi, wala si ya kutuma. Kwa hiyo lafaa libaki katika maana ya hifadhi.

Kwa namna ya kutuma, tunalo neno mkupuo. Mtumishi wa serikali halihitaji kulifafanuliwa, kwa kuwa amelisikia katika malipo ya mkupuo ya mafao ya kustaafu, hasa tangu mjadala wa kikokotoo wa mwaka 2018. Kutuma picha kwa mkupuo ni kuzituma zote kwa mara moja. Neno mpigo nalo lafaa katika mazungumzo, ila katika habari za picha laweza kugongana na kupiga.

Kwa kitu kinachofika, tunapendekeza fungu la picha. Ni kweli kwamba fungu lina kazi nyingi: ni rundo la mchanga baharini, ni sehemu ya bajeti, ni kipimo cha sokoni. Lakini muktadha hutenganisha, kama unavyotenganisha sasa. Nalo neno mtungo, ingawa lingefaa sana kwa picha zenye mfuatano, limekwisha kutwaliwa na fasihi kwa maana ya utungo, na katika misemo ya vijana wa mjini limebebeshwa maana chafu ambayo mwalimu hawezi kuipuuza darasani. Kwa picha zenye mfuatano, basi, yatosha kusema mfululizo wa picha.

Kwa jambo la tatu hatuna haja ya neno jipya. Tunalo neno alama, kama zile zilizotiwa katika mizigo ya Tendaguru. Kinachohitajika ni desturi. Mwalimu afundishapo mawasiliano ya kikazi, na ofisa aandikapo mwongozo, waeleze kwamba fungu la picha lisilo na alama si taarifa kamili: kila picha ipewe namba, mahali na tarehe, na ile ambayo ni ushahidi itumwe kwa njia ya faili, ili isipunguzwe wala isipoteze habari zake.

Istilahi njema humkumbusha msemaji wajibu wake. Mtu asemapo "albamu" hufikiri kwamba kazi imekwisha, kwani picha zimekwisha kuhifadhiwa. Asemapo "fungu" hukumbuka meza ya samaki, naye kila mtu wa pwani ajua kwamba fungu hupekuliwa kabla ya kulipiwa. Wasomaji walio na maneno mengine kutoka Kilwa, Lindi au kwingineko wayalete, yapimwe pamoja na haya.