Uteuzi wa Mfumo wa Kudhibiti Matoleo katika Mradi wa Linux, 1998–2005

Historia ya Git husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mmoja, Linus Torvalds, aliyeunda mfumo mpya kwa siku chache mwezi Aprili 2005. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaanzia mwisho. Kabla ya siku hizo kulikuwa na miaka saba ya mabishano, na kilichobishaniwa hasa hakikuwa ubora wa chombo bali umiliki wa kumbukumbu: kazi ikiwa ni ya umma, je, daftari linaloonyesha nani alibadilisha nini na lini linaweza kuwa mikononi mwa kampuni?

Tangu Torvalds alipoanzisha kerneli ya Linux mwaka 1991, mradi haukuwa na mfumo wowote rasmi wa kudhibiti matoleo. Wachangiaji walituma viraka kwa baruapepe, naye alivisoma, akavikubali au akavikataa, kisha akatoa toleo jipya. Mfumo wa CVS ulikuwapo na ulitumiwa na miradi mingi, lakini Torvalds aliukataa kwa sababu za msingi. CVS hutunza historia ya kila faili peke yake, hivyo badiliko moja linalogusa faili ishirini halihifadhiwi kama tendo moja. Aidha, hutegemea seva moja ya kati, na anayetaka kuandika humo sharti apewe ruhusa. Katika mradi wenye mamia ya wachangiaji, suala la nani apewe ruhusa hiyo lingegeuka kuwa siasa ya kila siku.

Utaratibu wa baruapepe nao ulikuwa na kikomo. Mwaka 1998 viraka vilikuwa vikipotea, watu wakivituma tena na tena, na Torvalds alionekana dhahiri kuelemewa. Ndipo Larry McVoy, aliyewahi kushiriki kuunda mfumo wa TeamWare katika kampuni ya Sun, alipopendekeza mfumo ambao kila msanidi angekuwa na hazina yake kamili, na mabadiliko yakahama kutoka hazina moja hadi nyingine. Pendekezo hilo lilizaa BitKeeper, bidhaa ya kampuni yake ya BitMover. Mwezi Februari 2002 Torvalds alianza kuutumia.

BitKeeper haikuwa programu huria. Wasanidi wa programu huria waliruhusiwa kuitumia bila malipo kwa masharti, na sharti lililoudhi zaidi liliwakataza watumiaji hao kushiriki katika kuunda mfumo unaoshindana nayo. Richard Stallman aliupinga uamuzi huo hadharani. Alan Cox, mmoja wa wasanidi wakuu wa kerneli, hakukubali kuutumia. Torvalds alishikilia kwamba chombo bora kitumike mpaka kipatikane kingine kilicho bora zaidi, na kwa upande wa kazi matokeo yalimuunga mkono, kwani kasi ya kupokea mabadiliko iliongezeka waziwazi. Ni kosa basi kuwaona wapinzani kama watu waliopinga maendeleo, au kumwona Torvalds kama aliyesaliti uhuru. Pande zote mbili zilikuwa sahihi juu ya jambo lililokuwa mbele ya macho yao.

Ili kuwaridhisha waliokataa, BitMover ilitengeneza nakala ya historia katika umbo la CVS. Nakala hiyo ilizaa tukio ambalo halipewi uzito unaostahili. Mwezi Novemba 2003 iligunduliwa kuwa mtu asiyejulikana alikuwa amepenyeza mistari miwili ya msimbo ndani yake. Penye alama mbili za usawa, ambazo hulinganisha, palikuwa na alama moja, ambayo hupachika thamani. Kwa tofauti hiyo ndogo, mtumiaji wa kawaida angeweza kujipatia mamlaka yote ya kompyuta. Hila hiyo ilinaswa kwa kuwa badiliko hilo halikuwa na kumbukumbu inayolingana nalo katika BitKeeper. Kwa maneno mengine, daftari lililolalamikiwa ndilo lililoiokoa kazi.

Hata hivyo, wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwanzoni mwa 2005 Andrew Tridgell, mwandishi wa Samba na rsync, aliandika programu ndogo ya kusoma data kutoka seva za BitKeeper. Hakuwa ameikubali leseni yake. Baadaye, mjini Canberra, alionyesha mbele ya hadhira kwamba alichofanya awali ni kuunganisha na seva kwa telnet na kuandika neno la kuomba msaada, na seva yenyewe ikamtajia amri zake. McVoy aliona huo ni uvunjaji wa makubaliano, akaondoa toleo la bure. Torvalds alimlaumu Tridgell waziwazi. Ni lawama iliyo vigumu kuitetea, kwa sababu Samba yenyewe ilitokana na uchunguzi wa namna hiyohiyo.

Vyombo mbadala havikutosha. Subversion, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004, ilirekebisha kasoro nyingi za CVS lakini ilibakiza seva ya kati. Waundaji wake wenyewe walikwisha kutamka kwamba haikufaa kwa kerneli. Monotone ilikuwa na wazo zuri la kutambulisha kila kitu kwa alama inayokokotolewa kutoka katika maudhui yake, ila ilikuwa nzito mno. Torvalds alihesabu kwamba huenda angehitaji kupachika viraka 250 kwa mkupuo. Kila kimoja kikichukua nusu dakika, kazi ingezidi saa mbili.

Alianza Git tarehe 3 Aprili 2005, na kufikia tarehe 7 Git ilikuwa ikihifadhi msimbo wake yenyewe. Katika mwezi huohuo Matt Mackall alitangaza Mercurial kwa kuchochewa na pengo lilelile. Toleo 2.6.12 la kerneli lilitoka mwezi Juni likiwa limesimamiwa na Git, na mwezi Julai Torvalds alimkabidhi Junio Hamano utunzaji wa Git. BitKeeper ilikuja kufanywa huria mwaka 2016, wakati ambapo wachache tu walikuwa bado wakiihitaji.

Gharama ya miaka hiyo mitatu ya BitKeeper ingali inaonekana. Tarehe 16 Aprili 2005 Torvalds aliingiza katika Git hali ya kerneli ya siku ile tu, akiiacha nje historia ya nyuma, ambayo ingechukua takriban gigabaiti 3.2. Hazina za kihistoria zilitengenezwa baadaye na kuwekwa kando. Mtafiti anayefuatilia asili ya mstari wa zamani katika hazina kuu hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi tarehe hiyo, na hapo kila mstari huonekana kuwa umeandikwa siku moja, na mtu mmoja.