Usukani Ulitoka Majini

Wapenzi wa lugha, msinishangae kuleta habari za gereji katika baraza ya washairi. Nina magari mawili. La kwanza ni gari dogo la Kijapani, gari la kila siku: hunipeleka kazini, humpeleka mama kliniki, hubeba mchele na watoto. La pili ni Peugeot 404 ya marehemu baba, ambayo kwa miaka minne imekaa uani kwetu Tanga juu ya magogo, ikingoja kuwa gari tena. Katika kuyahudumia yote mawili nimejifunza historia ya maneno ambayo nilikuwa nikiyatamka kila siku bila kuyafikiri. Nimefanya pia kosa moja, nami nataka kulisimulia, maana nadhani sisi tutungao mashairi hulifanya kosa hilo hilo kwa lugha.

Nianze na historia ya gari lenyewe. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na karakana ya Pininfarina ya Italia. Injini yake ya petroli, yenye ujazo wa sentimita 1618, haikusimama wima kama nyingine, bali imelalia upande kwa nyuzi 45. Mkono wa gia haupo sakafuni. Umepachikwa kwenye shingo ya usukani. Silinda zake zinachomoka: zikilika, fundi huzitoa na kuweka nyingine bila kuichonga bloku. Na kwa mbele kuna tundu la kuingizia hendeli, ili betri ikifa, injini iwashwe kwa nguvu za mkono.

Gari hili lilipata jina katika Afrika ya Mashariki kwa sababu ya mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, saba tu yakafika mwisho. La kwanza likawa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ilishinda 404 ya Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika saba tena, na Nowicki na Cliff wakarudia ushindi wao. Ushindi mara nne katika miaka sita, katika tope na vumbi tunavyovijua sisi wenyewe, si sifa ya kununuliwa.

Lakini baba hakulipenda gari lake kwa sababu ya mbio. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, na 404 ilikuwa gari lake la kazi. Ilibeba machungwa kutoka Muheza, ikabeba maiti na wafiwa, ikabeba wake wa majirani walioshikwa na uchungu usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa haba nchini na vipuri vikakosekana madukani, baba na fundi wake hawakulilaza. Bushi walizichonga kwa mpira wa tairi kuukuu. Madigadi ya kushoto ilipoliwa na kutu ya upepo wa bahari, waligonga nyingine kwa bati la pipa la mafuta. Leo mimi naliita gari la kale. Baba angecheka, kwani kwake yeye lilikuwa gari linalotembea, basi.

Fundi yule yu hai, ingawa macho yake yamefifia. Ndiye anayenisimamia, akikaa kwenye kigoda na kuniambia nifungue nini kwa spana ipi. Siku moja tulipokuwa tukiirudisha shingo ya usukani mahali pake, aliniambia, "Shika sukani, mwanangu, usiiachie ikaenda mrama." Nikasimama na spana mkononi. Kwenda mrama ni hali ya chombo kuyumba baharini. Nami nilikuwa nimeketi chini ya mwembe, nchi kavu, nimeshika gurudumu la Kifaransa.

Usukani ulitoka majini. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kile kibao cha nyuma kinachoongoza jahazi. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882. Carl Benz alisajili hataza ya gari lake la injini mwaka 1886. Miaka minne inatenganisha vitu hivyo viwili. Gari lilipowasili pwani, lilikuta watu waliokwisha kuwa na lugha kamili ya kusafiri, nayo ilikuwa lugha ya bahari. Hawakuanza upya. Walichomoa vipuri katika jahazi wakavifunga kwenye gari.

Tazameni vipuri hivyo. Nauli ilikuwa malipo ya kupanda chombo cha baharini. Leo kondakta wa daladala anaidai bila kujua kwamba anazungumza kibaharia. Abiria asili yake ni mvukaji. Rubani alikuwa mwongoza meli, kisha akapaa na ndege. Safari yoyote sasa hung'oa nanga, hata ya basi la Arusha. Na neno chombo lenyewe, ambalo mtu wa pwani akilitamka bila kuongeza kitu alikuwa akimaanisha jahazi, leo ni la pikipiki, la lori na la treni.

Pale jahazi lilipokosa kipuri, mafundi waliazima kwingine, wala hawakungoja kikao cha wataalamu. Gari ni neno la Kihindi, karakana ni la Kiajemi, bomba ni la Kireno. Breki, gia, klachi, kabureta, rejeta na madigadi yalitoka kwa Waingereza, yakapewa irabu za kuyawezesha kukaa vizuri mdomoni. Taniboi, yule msaidizi wa lori, alipata jina lake kwa kazi ya kuzungusha hendeli mbele ya injini. Hendeli imetoweka, jina limebaki. Kijana anayening'inia mlangoni mwa lori leo amebeba katika cheo chake kipande cha chuma ambacho hajapata kukiona.

Lakini si kila kipuri cha jahazi kilipata pa kufungwa. Tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, hazikuhamia barabarani. Foromali, ule mti unaobeba tanga, haukuwa na kazi kwenye gari. Ngama, tumbo la chombo linapokusanyika maji, ilibaki katika methali. Maneno haya yamelala kama 404 ilivyolala juu ya magogo, na wanaoyatembelea ni mabaharia wachache waliobaki na sisi watunga mashairi.

Hapa ndipo nifike kwenye kosa langu. Nilipoanza kulifufua gari la baba, nilishikwa na mapenzi. Kila shilingi niliyoipata ilikwenda kwenye kromu ya bampa, kwenye vioo vya taa, kwenye kitambaa cha viti. Gari la kila siku nililiona kama punda: lipo, linatembea, halina hadithi. Fundi aliniambia mara mbili kwamba mkanda wa taimingi wa gari lile umepita umri wake. Nikasema, mwezi ujao. Kipya kinyemi, wasemavyo wahenga. Kwangu mimi kilichokuwa kinyemi ni cha kale.

Mwezi ujao haukufika. Tulikuwa njia ya Muheza, tumeshapita Pongwe, mama yuko kiti cha nyuma na kadi yake ya kliniki mkobani. Injini ilikata ghafla, pakawa kimya. Mkanda ulikuwa umekatika, na valvu zimepinda. Mama alikaa chini ya mti kando ya barabara zaidi ya saa mbili, kwenye jua la saa sita, kabla sijapata gari la kutuchukua, na tulipofika daktari alikuwa ameondoka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba yako hakuwahi kuniacha njiani na lile lake."

Maneno yale yaliniuma kuliko gharama, na gharama haikuwa ndogo. Kulifungua gari la kila siku na kutengeneza hedi yake kulikula fedha zote nilizoziweka kwa rangi ya 404. Kwa muda wa miezi minane gari la baba halikuguswa. Nilijitetea kwa fundi kwa methali, nikasema mshika mawili moja humponyoka. Mzee akatikisa kichwa. "Wewe hukushika mawili, mwanangu. Ulishika moja, lile usilolipanda. Gari linalotembea ndilo linalomlisha lililolala. Ukilinyima la kutembea, yote mawili yatalala."

Tangu siku ile nina daftari. Ukurasa wa kushoto ni wa gari la kila siku: oili, plagi, breki, mkanda, na kilomita za kubadilishia kila kimoja. Ukurasa wa kulia ni wa 404. Sifungui wa kulia kabla wa kushoto haujatimia. Kwa gari la kila siku siulizi kipuri kimetoka wapi. Nauliza kama ni kizima na kama kitafika. Kwa gari la baba nauliza sana.

Nilipokuwa nikiuliza sana ndipo tulipogongana mimi na fundi juu ya ile madigadi ya bati la pipa. Nilikuwa nimepata ya asili, imetoka kwenye 404 iliyokufa, nikataka kuibadilisha ili gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Mzee alipapasa ile ya zamani kwa vidole, maana haioni vizuri. "Hii niliigonga mimi, na baba yako ndiye aliyeishika. Ukiitoa, utakuwa na gari la kiwanda. La baba yako hutakuwa nalo."

Usiku ule niliwaza juu ya Muyaka bin Haji. Mashairi yake yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika pamoja na W. E. Taylor, na mwaka 1940 yakachapishwa na William Hichens. Mhariri wa maandishi kama hayo hukabiliwa na swali langu la madigadi. Mshairi wa Mvita husema mato, sisi wa sanifu tunasema macho. Ukimsahihisha, umempa msomaji urahisi, lakini mato iliyokuwa ikikaa na watoto katika kina cha to sasa haikai na mtu. Umeweka kipuri kipya kinachong'aa, na ubeti umegoma kuwaka. Kufufua ni kujua ni siku ipi ya maisha ya kitu unayotaka kuirudisha. Nami sikutaka siku ya kiwandani. Nilitaka ile siku ambayo gari halikumwacha mtu njiani. Madigadi ya pipa imebaki.

Ndugu zangu malenga, naona wengi wetu tumeketi uani na 404 zetu. Twazisugua lahaja za kale, twajivunia msamiati ambao majirani hawaufahamu, na Kiswahili cha kila siku twakidharau kama punda: barua ya ofisi, tangazo la zahanati, maelezo ya dawa, swali la mtihani wa mtoto. Huko ndiko mkanda unakokatika. Mama aliyepewa maelezo ya dawa yasiyoeleweka ameachwa njiani, na hakuna utenzi utakaokwenda kumchukua. Lakini wale wasemao kwamba la kale lipelekwe jaani nao wasahau haraka usukani waliushika wapi. Jahazi lililotunzwa ndilo lililotupa nauli, abiria na rubani. Hatujui kesho chombo gani kitakuja kuhitaji omo na tezi.

Mwezi uliopita injini ya 404 iliwaka. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo nilichomeka hendeli nikazungusha, mara ya tatu ikakohoa, mara ya tano ikashika. Moshi ulijaa uani, watoto wakapiga makofi. Mzee aliinamisha sikio akasikiliza, kisha akasema valvu moja inagonga. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, mkono kifuani, akaisikiliza sauti ambayo hakuisikia tangu baba alipofariki. Nilidhani atalia. Akaniuliza, "Na lile jingine umelitazama oili? Jumatatu nina kliniki."

Nilikuwa nimelitazama.

Chombo cha kale si duni, kikitunzwa tena vyema,
Usukani wa majini, nchi kavu umehama,
Tezi na omo nyimboni, humo malenga huchuma,
Cha kazi ukikihini, cha kale nacho huzama.