Kutoka Mdeki hadi Mkanda: Akiba ya Risasi na Kasi ya Kujaza Silaha katika Nchi ya Kilimarondo na Ruangwa, 1905–1917

Utangulizi

Nchi iliyo kati ya mto Mbwemkuru na mto Ruvuma, ambamo leo zimo Kilimarondo, Nachingwea na Ruangwa, ilipitiwa na vita viwili vikubwa katika muda wa miaka 12. Vita hivyo vimeandikwa zaidi kwa majina ya makamanda na tarehe za mapigano. Makala haya yanaanza na swali dogo zaidi: mpiganaji alipokwisha kufyatua risasi iliyokuwamo katika silaha yake, ilimchukua muda gani kuweka nyingine, na ni nani aliyekuwa ameibeba?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kasi ya kujaza silaha haikuwa sifa ya silaha peke yake. Kadiri silaha ilivyojazwa kwa haraka zaidi, ndivyo akiba yake ilivyotoka kiunoni mwa mpiganaji ikahamia kichwani mwa mpagazi. Kwa hiyo historia ya risasi katika eneo hili haiwezi kutenganishwa na historia ya kazi ya wapagazi.

Gobori na vita vya Maji Maji

Vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Wamatumbi mwezi Julai 1905, vikaenea Liwale na bara ya Lindi katika wiki chache. Wapiganaji wengi walitumia mikuki na mishale, na wenye bunduki walikuwa na magobori. Mwenye gobori alibeba akiba yake mwenyewe: baruti katika pembe, risasi na fataki katika beti, yaani mkoba mdogo wa ngozi uliofungwa kiunoni. Ili kujaza, alimimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, akatia kitambaa au nyuzi za mti, akaweka risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akapachika fataki. Kazi hiyo ilihitaji mikono miwili na mara nyingi ilimlazimu asimame.

Askari wa Wajerumani alikuwa na Mauser ya mwaka 1871. Nayo ilichukua risasi moja tu kwa wakati mmoja, lakini risasi hiyo iliingizwa kwa nyuma, ikiwa na baruti na fataki yake ndani ya ganda moja. Katika muda ambao mwenye gobori alijaza mara moja, askari aliweza kufyatua mara kadhaa. Huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki mbili za rashasha, ambazo watu waliziita bombomu, ziliwaangamiza washambuliaji wengi kabla hawajafika kwenye boma.

Kwa kuzingatia tofauti hiyo, ahadi iliyohusishwa na Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, kwamba risasi zitageuka maji, haifai kusomwa kama imani tu. Ilijibu pia tatizo halisi la uwanja wa vita: jinsi ya kuvuka eneo la wazi mbele ya adui anayejaza haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Aliyeamini kwamba risasi haitamdhuru hakuhitaji kushindana naye katika kujaza.

Bastola ya ofisa

Vita vya pili vilipofika eneo hili mwaka 1917, tofauti za kujaza zilionekana hata ndani ya jeshi moja. Jeshi la Uingereza lilikubali rasmi bastola ya Webley ya Alama ya VI mwaka 1915. Bastola hiyo ilifunguka kwa bawaba, na kitendo hicho kimoja kilitoa maganda yote 6 kwa pamoja. Kuingiza risasi mpya, moja baada ya nyingine, ndiko kulikochukua muda. Kwa sababu hiyo baadhi ya maofisa walinunua kwa fedha zao kifaa cha Prideaux, kilichoshika risasi 6 kwa duara na kuziingiza zote kwa msukumo mmoja.

Mfano huu unaonyesha kikomo cha hoja yetu. Risasi za akiba za bastola zilikaa katika mfuko mdogo ukandani, na ofisa alizibeba mwenyewe. Bastola ilikuwa silaha ya hatua chache, na haikula akiba kubwa. Bunduki na rashasha hazikuwa hivyo.

Hesabu ya mzigo

Mauser ya mwaka 1898 ilibeba risasi 5, zilizosukumwa ndani kwa pamoja kutoka kwenye kishikio cha bati. Lee-Enfield ya Waingereza ilibeba 10, kwa vishikio viwili. Mkanda wa rashasha ya Kijerumani ulikuwa na risasi 250, na silaha hiyo iliweza kutoa takriban risasi 450 kwa dakika.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Risasi moja ya Mauser ya 1898 ina uzito wa takriban gramu 24, na ya Mauser ya 1871 takriban gramu 43. Tukichukua kilo 25, bila kuhesabu sanduku, mpagazi mmoja alibeba risasi zipatazo 1,000 za aina mpya, au zisizofika 600 za aina ya zamani. Rashasha iliyofyatua mfululizo ingemaliza mzigo wa mtu mmoja, aliotembea nao siku nyingi, katika muda wa dakika mbili hivi.

Risasi za zamani zilikuwa na hasara mbili zaidi: zilijazwa moja moja, na moshi wake ulionyesha alipojificha askari. Ndiyo maana shehena za kutoka Ulaya zilithaminiwa sana. Mwezi Machi 1916 meli iitwayo Marie ilifika katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, ikiwa na mizinga, bunduki na mamilioni ya risasi. Hapakuwa na reli Sudi. Shehena iligawanywa katika mizigo ya wapagazi na kupelekwa kaskazini kwa miguu.

Mahiwa na matokeo yake

Tarehe 10 Oktoba 1917 Waingereza waliiteka Ruponda, ambayo leo imo wilayani Nachingwea, na Wajerumani wakapoteza akiba kubwa ya chakula. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, majeshi yalikutana Mahiwa, katika bonde la Lukuledi. Upande wa Waingereza, ambao ulijumuisha kikosi cha Nigeria, ulipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa au kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500.

Kwa hesabu ya watu Lettow-Vorbeck alishinda. Kwa hesabu ya risasi alishindwa, kwani risasi zisizotoa moshi zilikuwa karibu kumalizika, naye hakuwa na mahali pa kuzipata. Mwezi Novemba ndege kubwa ya gesi, L59, ilitumwa kutoka Bulgaria ikiwa na zaidi ya risasi 300,000, lakini iliamriwa kurudi ikiwa juu ya Sudan. Wakati huohuo Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi lake, akawaacha nyuma wagonjwa na wale ambao hakuweza kuwapa risasi wala chakula. Waliovuka Ruvuma walikuwa Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Hata baada ya upunguzaji huo, wapagazi walikuwa wengi kuliko askari.

Tarehe 25 Novemba 1917 waliteka kambi ya Wareno huko Ngomano na kupata risasi kwa wingi. Risasi za Kireno zilikuwa za milimita 6.5 na hazikuingia katika Mauser ya Kijerumani. Askari walilazimika kubadili bunduki ili zifuate risasi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kati ya 1905 na 1917 muda wa kujaza silaha ulipungua sana, na kwamba upungufu huo ulilipwa kwa kazi ya watu wasiobeba silaha. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa wakiitumikia Uingereza katika vita vya Afrika Mashariki. Kwa upande wa Wajerumani hakuna daftari kamili. Risasi zilihesabiwa kwa uangalifu kuliko waliozibeba.

Hali hiyo haikuishia 1917. Katika miaka ya 1960 FRELIMO iliweka kambi Nachingwea, na kikosi chake cha wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1967, kilibeba silaha na risasi kwa miguu kuingia Msumbiji. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya simulizi za Maji Maji kutoka kwa wazee walioviona vita hivyo. Kazi ya namna hiyo inahitajika kwa wapagazi, ikianza na koo za Kilimarondo na Ruangwa ambazo wazee wake bado wanasimulia babu aliyechukuliwa na mzigo na hakurudi.